Mlango Niliouacha Wazi Bandarini

Riyadh, Ijumaa alasiri

Nekesa, mama,

Mamako ameniambia begi lako limefungwa tangu asubuhi, na kwamba umeliweka karibu na mlango kama mtu anayeogopa kusahaulika. Nimecheka peke yangu humu chumbani. Siku niliyoondoka Kimilili wewe ulikuwa na miaka tisa. Ulilikalia begi langu ukakataa kushuka, ikabidi nyanya yako akubembeleze kwa kipande cha muwa. Sasa begi ni lako, na mimi siko hapo hata kulikalia.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya nyumba utakayokaa na ya watu wa kuogopa huko Nairobi, mamako ameyamaliza na shangazi zako wameyarudia. Sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu, na nimeamua kuliandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelikwepa. Najijua. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa hizi moja moja nikutumie. Zisome kabla hujapanda basi kesho.

Ulipopata kazi hii uliniambia utakuwa unatafuta makosa ndani ya vifaa vya mtandao, kuona mtu mbaya anaweza kupenya wapi kabla hajapenya. Nilifurahi sana. Kisha ukaniuliza, "Baba, wewe umewahi kuona kifaa kikivunjwa hivyo, kwa macho yako?" Nikajibu la, mimi ni fundi wa kuvuta nyaya tu.

Nilikudanganya. Wala haikuwa mara ya kwanza. Uliponiuliza zamani Uncle Musyoka yuko wapi, mbona haonekani tena kwenye video, nilisema amehamia Riyadh. Musyoka hajawahi kuishi Riyadh hata siku moja. Aliyehamia Riyadh ni mimi.

Sijui unakumbuka nini juu yake. Mimi nakumbuka jinsi alivyokuwa akininyang'anya simu. "Injinia!" alikuwa akikuita, nawe ulikuwa darasa la sita, umefungua redio ya nyanya yako ukairudisha na skrubu mbili zikabaki. "Injinia, zile skrubu ulizipeleka wapi?" Ulikuwa ukimjibu yeye kwa maneno mengi kuliko ulivyonijibu mimi. Nilikuwa naona wivu kidogo, nikijifanya natafuta chaja.

Tuliishi chumba kimoja Al-Hindawiyah, Jeddah, wanaume wanne, vitanda vya kupandana, yeye juu na mimi chini. Tulifanya kazi kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Yeye alikuwa karani wa makontena, mimi fundi wa kompyuta na mtandao. Nilipougua homa mwaka wa kwanza, Mkamba yule alizunguka maduka yote ya Wasudani mpaka akapata unga wa mtama, akanipikia uji kwa siku tano. Uji wenyewe ulikuwa na mabonge. Nilikunywa wote. Mtu akiwa mbali hivi, mama, anaweza kuwa na watu elfu wanaomzunguka na asiwe na hata mmoja wa kumuuliza kama amekula. Mimi nilikuwa naye mmoja.

Sasa nikueleze kisanduku.

Ofisi yetu ilikuwa na ruta moja ya kugawa intaneti, imebandikwa ukutani juu ya kabati la mafaili. Kila mtu alipotaka kuingia mtandaoni, ruta ilimletea ukurasa mdogo: andika jina, andika paswadi, bonyeza. Siku moja ya kazi nyingi Musyoka alikuwa amenakili orodha ndefu ya namba za makontena aibandike kwenye barua pepe. Intaneti ikamtoa, kama kawaida yake, ikamletea ule ukurasa. Bila kutazama akaibandika orodha nzima mahali pa jina, akabonyeza. Taa zote za ruta zikazimika. Ofisi nzima ikapiga kelele. Baada ya kama dakika mbili kisanduku kikawaka chenyewe.

"Baba Nekesa, njoo!" Musyoka aliniita. "Nimeua mtandao kwa jina refu."

"Hata kwetu Ubukusu hatuna jina refu hivyo," nikamwambia. Tukacheka mpaka wenzetu wakatukemea.

Lakini lilinikaa kichwani. Kesho yake, saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu, nilifungua ule ukurasa nikaandika herufi A mara sitini. Ruta ikaniambia jina si sahihi. Nikaandika mia moja. Jina si sahihi. Nikaandika mia mbili. Taa zikazimika. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu kikafa. Sikujua jina la ugonjwa ule wakati huo, ila nilijua kwamba kifaa kinachoangushwa na jina refu kina shimo mahali fulani.

Nikamwendea msimamizi wetu, Mhandisi Fares, mtu mpole asiyependa habari mbaya. Nikamweleza.

"Sasa hivi kinafanya kazi?" akaniuliza.

"Kinafanya."

"Basi halas, mafi mushkila, hakuna tatizo. Yalla, Wafula, rudi kazini."

Nikarudi. Nilijiambia nimeshatoa taarifa, lililobaki si langu. Nilijiambia pia kwamba ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ilikuwa karibu kwisha, na mwezi wa kusubiri ikama kuandikwa upya si mwezi wa kuonekana mleta matata mbele ya kafili, mwajiri anayekudhamini. Hizo zote zilikuwa sababu za kweli. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, na hiyo ndiyo sikuwahi kumwambia mtu.

Ruta ile ilikuwa na tabia ya kuwa nzito kupita kiasi siku za Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika. Kila ilipokuwa nzito nilipigiwa simu, natoka Hindawiyah hadi bandarini kuizima na kuiwasha, kazi ya dakika moja. Nilichoka. Basi miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeingia kwenye mipangilio yake nikafungua ule ukurasa uweze kufikiwa kutoka nje, kutoka popote duniani, ili niingie kwa paswadi yangu ya fundi, niizime na kuiwasha nikiwa nimelala kitandani mwangu na simu mkononi. Kampuni ilikataza. Nilijua inakataza. Kila Ijumaa nilijipongeza.

Kwa hiyo, kama Fares angesema tukifungue kisanduku tukichunguze, jambo la kwanza kuonekana lingekuwa mlango wangu. Alipojibu halas, nilishukuru moyoni.

Baada ya miezi kama miwili, lori lilikuja bandarini na hati za kutoa makontena mawili ya viyoyozi. Mlinzi aliangalia kwenye kompyuta, kompyuta ikasema ruhusa imetolewa, lori likaondoka. Mwenye mali alipokuja na hati zake halisi, hakukuta kitu. Walipofuatilia, waliona ruhusa ile imetolewa kwa jina la Musyoka, kwa paswadi ya Musyoka, kutoka ndani ya ofisi yetu, saa ambayo Musyoka alikuwa ameketi mezani kwake.

Asubuhi ile, kabla hawajatuita, nilifungua kumbukumbu za ruta. Kila kifaa huandika kidaftari chake cha matukio. Niliona wiki ile kisanduku kilizimika na kuwaka chenyewe mara tatu, na kabla ya kila mara palikuwa na mtu wa nje amegonga ule ukurasa. Nikafunga mlango niliokuwa nimeufungua. Halafu nikafanya jambo la pili, ambalo nimejaribu kulitafutia jina jingine mwaka huu wote nikalikosa: nilibonyeza kufuta kumbukumbu zote.

Kisha tukaitwa. Mudiri, mkuu wa ofisi yetu, alikuwa nyuma ya meza, Fares pembeni, Musyoka amesimama katikati.

"Paswadi hii ya nani?"

"Yangu, bosi."

"Amri imetoka humu ndani, si nje."

"Sikuitoa, bosi. Haki ya Mungu sikuitoa."

"Basi nani ameitoa? Jini?"

Hakuna aliyecheka. Mudiri akanigeukia mimi. "Wafula, wewe ndiye fundi. Mtu wa nje anaweza kuingia akafanya hivi?"

Nekesa, nilikuwa na swali lenyewe mbele yangu, limeulizwa wazi, kwa sauti ya kawaida, na mtu ambaye nadhani alitaka jibu. Musyoka alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba, alikuwa ametulia, kama mtu anayejua mwenzake ana ufunguo mfukoni na sasa hivi atautoa.

Nikasema, "Sijaona dalili yoyote, bosi."

Maneno manne. Nilichagua maneno ya kazi, makavu, yasiyomtaja mtu, na kwa muda mrefu nilijiliwaza kwamba sikumshtaki. Walipekua mkoba wake, wakapekua kabati lake la chumbani, hawakupata kitu. Kwa kukosa ushahidi hawakumpeleka polisi. Walimkatizia mkataba na kumgongea muhuri wa kuondoka asirudi, ndani ya siku chache.

Nilimsaidia kukunja mashati. Hakuniuliza lolote. Nilikuwa nikiogopa aniulize, na asipouliza ikawa mbaya zaidi. Gari lilipokuja kumchukua aliniachia sufuria yake ya uji, akanishika mkono, akasema, "Msalimie Injinia." Salamu hizo sikukuletea. Ningekuletea vipi, nawe ungeuliza amekwenda wapi?

Kitanda cha juu kikapata mtu mwingine, mwanamume asiyependa mazungumzo. Nilikuwa nikirudi kazini, napika, nakula nikiangalia ukuta, natamani mtu anitukane tu nisikie sauti. Kwenye video wewe ulikuwa ukinisimulia chuo, programu unazoandika, mwalimu anayewachukia, na mimi naitikia, natazama pembe ya skrini. Uliwahi kusema, "Baba siku hizi uko mbali." Ukajirekebisha haraka, ukacheka, "Yaani, mbali zaidi." Ulisema kweli. Watu hudhani upweke ni kukosa watu. Wangu ule nilikuwa nimeutengeneza mwenyewe, kwa kuwa na jambo ambalo kila mtu niliyempenda alipaswa kutolijua.

Katika mwezi wa tatu baada ya Musyoka kuondoka, mtu aliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakenya wa Jeddah kwamba baba yake Musyoka amefariki. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Watu waliandika pole, mmoja baada ya mwingine. Na mimi nikaandika pole. Nikaiweka simu kifudifudi.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo nilikwenda nikasema kweli. Sikwenda. Nilikaa mwezi mwingine mzima.

Kilichonifungua mdomo ni kwamba ilitokea tena. Kontena jingine, ruhusa nyingine, safari hii kwa jina la Mzee Rashid, Msudani mwenye ndevu za mvi aliyekuwa karani pale kabla hata Fares hajaajiriwa. Nilikuwa nimefunga mlango mwizi akiwa ndani: alishajiwekea njia yake mwenyewe humo kwenye kisanduku, na kufunga kwangu hakukumsumbua. Siku hiyo nilikuwa kwenye ukumbi nimebeba ngazi, naenda kuvuta waya. Mlango wa mudiri ulikuwa wazi nusu. Nikasikia, "Basi nani ameitoa?" Na sauti ya mzee ikijibu, "Wallahi si mimi. Wallahi."

Niliegemeza ngazi ukutani nikaingia bila kubisha.

"Bosi, si yeye," nikasema. "Wala hakuwa Musyoka."

Nilisema yote nikiwa wima. Shimo la herufi mia mbili, mlango wa Ijumaa, kumbukumbu nilizofuta. Fares alianza kunikatiza, mudiri akamwinulia mkono anyamaze. Mzee Rashid alikuwa ameketi na mikono juu ya magoti, na nilipofika mahali pa kusema nilimwacha Musyoka aende, aliinamisha kichwa kama anayeona aibu kwa niaba yangu.

Makao makuu ya kampuni yako hapa Riyadh. Walinipigia simu mchana uleule. Sauti ilikuwa ya mwanamke, Mhandisi Hessa, mkuu wa usalama wa mtandao. "Kichomoe kisanduku," aliniambia. "Usibonyeze kitu. Usifute kitu. Kilete wewe mwenyewe, kwa mkono." Basi nikapanda gari la abiria la asubuhi kutoka Jeddah, ruta nimeifunga kwa taulo nimeipakata mapajani, jangwa dirishani kutwa nzima. Nilidhani napelekwa kufungwa. Ajabu ni kwamba nililala usingizi mzuri njiani, usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Hessa ni mdogo kwangu kwa umri, huvaa miwani mikubwa na husema polepole ili nielewe Kiarabu chake. Alianza na maswali.

"Nani alifuta kumbukumbu?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilitafuta maneno ya kazi. Yakakataa kuja. "Niliogopa," nikasema.

Akaandika kwenye fomu. Sikuwa nimewahi kuona hofu yangu ikiandikwa kwenye fomu, kwa kalamu, na mtu ambaye hakunicheka wala kunipa pole.

Alikaa na kile kisanduku siku kadhaa. Siku aliyomaliza aliniita, akanichorea vijumba kwenye karatasi. Wewe utakuwa unayajua haya, lakini nataka uyaone kama nilivyoonyeshwa mimi. Alisema aliyeandika programu ya ruta ile alitenga vijumba mia moja ishirini na nane vya kuwekea jina, basi. Hakuandika mstari wa kuhesabu herufi zinazoingia. Ukileta sitini zinakaa. Ukileta mia mbili, zinazozidi haziendi popote. Zinamwagikia vijumba vya jirani. Na jirani wa pale ndipo kifaa kilipokuwa kimejiandikia kazi ya kufanya baada ya hiyo. Ukimwagia takataka, kama orodha ya Musyoka, kinapotea njia na kuzimika. Mwizi hakumwaga takataka. Alijaribu mara tatu, akakiangusha mara tatu, mara ya nne akamwaga maneno aliyoyapanga, yakatua pale pale, na kisanduku kikamtii yeye. Kuanzia hapo alikuwa kama ameketi nasi ofisini. Paswadi zetu zilikuwa zikipita mbele yake.

"Sasa kosa ni la nani?" nikamuuliza Hessa. Nadhani nilitaka aniambie ni la kiwanda kilichokitengeneza kisanduku.

Alifikiri. "Aliyeandika alikosea. Kiwanda hakikupima. Wewe ulifungua mlango, na ulipoona ukanyamaza. Mwizi aliiba. Kila mtu ana chake," akasema. "Musyoka ndiye asiye na chochote."

Aliwaandikia watu wa kiwanda. Walichukua muda, wakakiri, wakatoa programu mpya. Tangazo lao lilikuwa la sentensi mbili: kwamba mtu wa nje, kwa kutuma jina refu kupita kiasi, angeweza kuendesha amri kwenye kifaa. Nililisoma mara nyingi. Ni sentensi safi. Utazisoma nyingi za namna hiyo kazini kwako, mama, na utaandika zako mwenyewe, na zitakuwa safi vilevile. Mimi nikizisoma siku hizi namwona mtu amesimama katikati ya chumba, mkoba wake umemwagwa mezani.

Kampuni ilimwandikia Musyoka barua ya mistari mitatu, kwamba hakuhusika, na akitaka anaweza kuomba kazi tena. Hakuomba. Fares hakutaka kuniona tena Jeddah. Nilitegemea kufukuzwa, lakini Hessa alisema nihamishiwe kwake, stoo. Ndiyo kazi yangu hadi leo. Ruta za matawi yote huletwa kwangu. Nazifungua moja moja, naweka programu mpya, kisha naandika herufi A mia mbili mahali pa jina na kubonyeza. Ikinijibu kwamba jina ni refu mno, naifunga na kuandika kibandiko. Stoo haina dirisha. Kutwa sisemi na mtu ila mlinzi anayeniletea chai. Hii ndiyo kazi niliyokuwa nikikuambia ni ya kuvuta nyaya, na hii ndiyo sababu Desemba mbili sikuja nyumbani. Nilimwambia mamako ruhusa imekataliwa. Ruhusa ilikuwepo. Nilishindwa kufikiria jinsi nitakavyoketi sebuleni ukinitazama.

Mamako nimemwambia yote juzi. Aliniuliza, "Na mtoto?" Nikasema nitakuandikia.

Musyoka mwenyewe nilimpigia simu wiki niliyofika Riyadh, kabla barua ya kampuni haijamfikia, kwa sababu sikutaka asikie kwa karatasi. Alipokea. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, bila kupunguza. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.

"Wafula," akasema mwishowe. "Ulisema mbele ya mudiri hujaona dalili. Ulikuwa umeiona?"

"Nilikuwa nimeiona."

"Siku ileile?"

"Asubuhi ileile."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani umeamini nimeiba. Nikasema, kama Wafula, anayelala chini yangu, anaamini, basi labda sura yangu ni ya mwizi. Nilirudi nyumbani na sura hiyo. Baba yangu aliniuliza mara moja tu, 'Ulichukua?' Nikamwambia hapana. Akasema sawa. Lakini hakuniuliza tena habari za huko mpaka alipofariki, na mimi sijui kama aliamini."

Nikasema, "Nisamehe."

"Nimekusikia," akajibu, akakata.

Nimeishi na hayo "nimekusikia" mwaka mzima. Sikumpigia tena. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu na kwamba ni ya haki, na bado nadhani hivyo.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala ili uniogope. Nakuandikia kwa sababu kosa utakalolifanya huko uendako, nawe utalifanya, nina hakika halitafanana na lile kubwa unaloliogopa. Langu lilikuwa la uvivu wa Ijumaa. Lingeweza kufa likiwa dogo hivyo. Kulikuwa na siku nyingi sana za kulisema, na kila siku niliyoiruka ililifanya lizidi, mpaka likamfikia baba yake Musyoka, mzee ambaye sikuwahi kumwona, akalala nalo kaburini. Ningekuwa nimesema siku ya kwanza, pengine ningefukuzwa. Ningerudi Kimilili na Musyoka angebaki na kazi yake. Ungeniona kila jioni na ungenichoka.

Sasa, kuhusu kesho.

Jumanne simu yangu ililia nikiwa stoo. Ilikuwa namba ya Musyoka. Niliiangalia ikilia mpaka karibu ikatike.

"Nimesikia Injinia amepata kazi," alisema, bila salamu. Siku hizi anafanya kazi Nairobi, kwenye ghala, na kuna mtu wa Kimilili pale aliyempa habari.

"Amepata," nikasema. "Anasafiri Jumamosi."

"Kazi ya nini?"

Nikamwambia. Alicheka kidogo, kicheko chake kilekile, halafu akaacha ghafla kama aliyekumbuka anacheka na nani.

"Anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Mwambie kabla hajafika. Asije akasikia kwa mtu, na asije akasikia kwangu. Mimi sitaki kuwa mtu wa kumwambia mtoto habari za baba yake."

"Nitamwambia."

"Mimi na wewe bado, Wafula. Sikudanganyi. Bado."

"Najua."

"Lakini mtoto hana kosa. Nairobi hana mtu. Ukishamwambia, mwambie nitakuwa kituo cha mabasi saa kumi na moja jioni, nitavaa koti la kijani la kazini. Nitampeleka mpaka mlangoni."

Alingoja kidogo, akakata kwa upole.

Kwa hiyo, mama, utamkuta. Amekonda kuliko ulivyomzoea kwenye simu, na wanasema nywele zimeanza kuwa nyeupe. Msalimie wewe kwanza. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Huo ni mzigo wangu, na Desemba hii nakuja kuubeba mwenyewe hadi kwao. Lakini akikuuliza kama umeisoma barua hii yote, mwambie ndiyo, na iwe kweli.

Babako,
Wafula